Majina Matatu ya Chura Mmoja

Wenyeji wa Lamu huuita mji wao Amu. Ramani zaandika Lamu, wazee wasema Amu, na jahazi hufika gati lile lile. Majina mawili hayamdhuru aujuaye mji. Humpoteza mgeni asiyeambiwa kwamba mji ni mmoja. Ndivyo ilivyo habari ya chura. Kiswahili humwita chura yule wa ngozi kavu yenye vinundu, atokaye usiku baada ya mvua kuwinda wadudu, na pia yule wa ngozi laini apendaye maji. Jina hilo latosha barazani. Darasani halitoshi, na kwa hiyo wataalamu waliweka majina ya maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, mfano wa ukoo, la pili ni la spishi, yaani aina yenyewe.

Lakini majina hayo nayo hayatulii. Yuko chura wa vinundu ajulikanaye sana Afrika Mashariki, ambaye vitabu vya zamani vilimwita Bufo gutturalis. Mwaka 2006 Darrel Frost na wenzake walitoa huko Marekani kazi kubwa juu ya nasaba ya amfibia, na chura wetu akawa Amietophrynus gutturalis. Mwaka 2016 Annemarie Ohler na Alain Dubois wa Paris walionyesha kwamba kundi hilo lilikwisha pewa jina la Sclerophrys na Tschudi tangu mwaka 1838. Sheria ya majina humpa haki aliyetangulia; basi chura akaitwa Sclerophrys gutturalis. Katika miaka 10 hakuongezeka wala hakupungua kinundu kimoja, lakini alikwisha vikwa majina matatu.

Je, huu ni ujuzi au ni kiburi cha wasomi? Tusihukumu upesi. Mwaka 1905 Mjerumani Gustav Tornier alieleza chura wa Tanzania azaaye watoto hai badala ya kutaga mayai, akamtia katika Pseudophryne, jenasi ya vyura wa Australia. Mwaka 1926 Noble alimtoa humo, akamwekea jenasi mpya, Nectophrynoides. Nani atasema kwamba heri angeachwa ugenini kwa ajili ya raha ya wasomaji? Jina lisemalo uongo juu ya nasaba halifai kuhifadhiwa kwa sababu ya uzee wake.

Kwa kipimo hicho, badiliko la mwaka 2006 lilikuwa na haki katika msingi wake, maana Bufo ilikuwa kama kapu lililotiwa vyura wa karibu dunia nzima. Kasoro yake ilikuwa wingi wa majina yaliyogeuzwa kwa mara moja. Mwaka 2009 Pauly, Hillis na Cannatella walitetea jina la Bufo, wakisema makundi mapya yangeweza kuwa matawi ndani ya jenasi ile ile, na nasaba ikaonekana bila kumsumbua msomaji. Hoja yao ilistahili kusikilizwa zaidi kuliko ilivyosikilizwa. Badiliko la mwaka 2016 ni jepesi kulikubali: jina la miaka 10 halikuwa limeota mizizi, na bila sheria ya utangulizi kila mwenye sauti kubwa angetoa jina lake.

Asiyefuga chura aweza kudhani haya ni mabishano ya karatasi. Mfugaji hawezi. Mwaka 1996 chura mdogo aligunduliwa katika korongo la mto Kihansi, Tanzania, akaitwa Nectophrynoides asperginis. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua, na vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya waliofugwa walirudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Chura huyu huzaa watoto hai na hutaka ukungu wa maji. Gutturalis hutaga mayai dimbwini. Anayekosea jina akamtunza mmoja kwa kanuni za mwingine hatakosea maandishi tu, bali ataua.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usiudharau ubishi huu, wala usiusujudie. Unapoandika jina la mnyama daftarini, andika la leo, kisha kando yake la jana. Tazama pia neno la pili: katika safari yote tuliyoieleza, gutturalis, neno lenye asili ya Kilatini ya koo, halikuhama. Hilo ndilo uzi wa kumfuata chura kutoka kitabu hadi kitabu. Naye mtaalamu abadilishaye jina la kwanza ana deni kwa msomaji: amweleze wazi lile la kale lilikuwa lipi, na kwa nini limeachwa. Asiyelipa deni hilo, hata akiwa na haki, amemwacha mgeni pwani akiulizia njia ya mji ambao tayari amefika.