Siku Mbili za Tano: Hesabu za Kiswahili na Uhakiki wa Ushairi

Juma la Waswahili lina siku mbili za tano. Ya kwanza ni Jumatano, ambayo tano yake haijifichi. Ya pili inaifuata papo hapo, nayo ni Alhamisi, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya tano. Siku hizi tunazitaja kila juma, tunaziandika katika miadi na mialiko ya arusi, na ni wachache wanaouliza vipi tano ikafuatwa na tano. Anayeuliza hujibiwa kwamba juma tumelipokea kwa Waarabu, basi limekuja na majina yake. Jibu hilo ni jepesi, na hesabu yenyewe inalikataa.

Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza. Ndipo Alhamisi ikawa ya tano. Waajemi nao, ambao pwani yetu ina habari nyingi juu yao, moja yao iko Jumapili na tano yao iko Alhamisi. Mswahili ameiweka mosi yake Jumamosi, akenda kwa pili, tatu, nne na tano, yote kwa maneno ya Kibantu. Alichopokea ni Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa sala. Akaifanya nguzo, kisha akahesabu mwenyewe kuanzia kesho yake. Kwa hivyo katika juma moja zimekaa hesabu mbili, kila moja na mwanzo wake, na wala hazijagombana.

Tumelitanguliza jambo hili kwa sababu linamgusa mhakiki wa mashairi kuliko anavyodhani. Imekuwa ada katika uhakiki wetu, na khasa ule unaofundishwa madarasani, kwamba neno lolote la kale likionekana katika ubeti, hutafutiwa udhuru wa kiufundi. Huambiwa kuwa mshairi amelitumia ili kutimiza mizani, kama vile mtu anavyosema juu ya inkisari na mazida. Mwanafunzi huandika hivyo katika mtihani, akapata alama zake, na neno likabaki halikusomwa.

Natutazame maneno ya hesabu. Katika moja mpaka kumi, Kiswahili cha leo kimechukua Kiarabu mahala patatu tu: sita, saba na tisa. Nane imebaki ya Kibantu, imesimama kati ya wageni wawili. Lakini hao wageni walikuta wenyeji: sita iliitwa tandatu, saba iliitwa mfungate, na tisa iliitwa kenda. Maneno haya hukutikana katika tungo za zamani, na hapo ndipo udhuru wa mizani huletwa.

Basi na tuupime kwa kipimo chake wenyewe. Kenda ina mizani mbili: ke-nda. Tisa nayo ina mizani mbili: ti-sa. Aliyeandika kenda hakupata wala hakupoteza kitu katika mizani, na udhuru umeanguka hapo hapo. Mfungate una mizani nne: m-fu-nga-te. Saba ina mbili. Katika kipande cha utenzi, chenye mizani nane, mshairi aliyechagua mfungate amelipa nusu ya kipande kizima kwa neno moja. Huenda alikuwa na nafasi ya kujaza. Lakini maneno ya kujazia hayakosekani, na yeye amelichagua hili. Kwa upande wa vina, ni kweli kwamba kenda huingia pamoja na penda na matunda, ilhali tisa huenda na darasa. Sababu hiyo tunaikubali pale neno linapokaa penye kina. Likikaa katikati ya kipande, mhakiki hana budi kutafuta sababu nyingine.

Sababu hiyo nyingine, kwa maoni yetu, ni kwamba maneno haya hayakuwa makumbusho. Yalikuwa na makaazi yake katika maisha, na mengine yanayo mpaka leo. Fungate, siku zile saba za maarusi baada ya ndoa, ni saba ile ile ya kale iliyojificha ndani ya nyumba ya arusi, ambamo Kiarabu hakikupewa nafasi. Leo watu husema fungate ya siku tatu, au ya mwezi, na hawajui kwamba wamesema saba ya siku tatu. Kenda nayo ipo hai katika jina la jirani zetu Mijikenda, watu wa miji tisa. Mshairi aliyetumia mfungate katika habari ya ndoa alikuwa akigonga mlango ambao msikilizaji wake aliujua. Sisi tunaosema ni mizani tu, tumeupita mlango huo bila ya kubisha hodi.

Hatari ni kubwa zaidi neno linapobaki vile vile na maana ikahama. Chukua muongo. Leo, katika magazeti na vitabu, ni miaka kumi. Katika hesabu ya kale ya pwani, mwongo ulikuwa siku kumi. Mabaharia na wakulima waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo Makunduchi bado huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo una siku 365 bila ya siku ya nyongeza, kwa hivyo katika hesabu yake ya asili hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ikilinganishwa na kalenda ya ofisini. Mhariri asiyeyajua haya, akikuta safari ya chombo iliyochukua miongo mitatu, ataandika tanbihi kwamba nahodha alikaa baharini miaka 30. Nahodha alikaa mwezi mmoja.

Na hali ni hiyo hiyo kwa usiku. Katika hesabu ya pwani siku huanza jua linapotua, na usiku huutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni. Ndiyo maana redio na magazeti yamelazimika kubuni usemi wa “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Mnakili wa zamani akiandika mwishoni mwa kazi yake kwamba ameimaliza usiku wa Jumatatu, basi aliiweka kalamu chini Jumapili baada ya magharibi. Msomaji wa leo atakosea siku nzima, na tarehe atakayoitoa itanakiliwa na wengine.

Wapo wanaopendekeza kwamba mashairi ya zamani yachapishwe kwa lugha nyepesi, kenda iwe tisa na mfungate uwe saba, ili vijana wasichoke. Nia yao ni njema. Lakini kubadilisha mfungate ni kuuvunja ubeti kwa mizani mbili, na kubadilisha kenda, hata kama mizani haikuguswa, ni kufuta ushahidi wa kwamba watu wa pwani walikuwa na hesabu yao kabla ya kuazima ya wengine, na kwamba walipoazima walichagua. Kijana hachoki kwa neno moja lililofafanuliwa pembeni mwa ukurasa. Iachwe kenda mahala pake, na pembeni iandikwe: tisa.