Nyumba Isomwayo kwa Ghibu

Makondakta wa daladala jijini Dar es Salaam hulitaja jina la Makumbusho tangu alfajiri hadi usiku, na aghalabu abiria anayeshuka hapo hana nia ya kukumbuka chochote. Anabadilisha gari tu. Jina limekwisha hama kutoka Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa kando ya barabara ya Bagamoyo katikati ya miaka ya 1960, likawa jina la mtaa na la kituo cha mabasi. Familia inayoshuka kwa makusudi ya kuingia kijijini humo, kapu la chakula mkononi na watoto wawili watatu nyuma, huwa inakwenda kinyume na mkondo wa watu.

Kijiji hicho ni utungo, na yafaa kihakikiwe kama utungo. Kila nyumba ni ubeti: hii ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hiyo, ule msonge wa Wahaya, nyasi zimeshuka toka kileleni hadi chini, ile tembe ya Wagogo, paa lake tambarare la udongo. Kanuni ya utungo ni kabila moja, nyumba moja. Ni kanuni nyepesi kuifuata, nayo huficha mengi, kama vina vinavyoweza kuficha upungufu wa maana. Nyumba ya fukara na nyumba ya jumbe hazikuwa sawa hata katika kabila moja. Kisha, miaka michache tu baada ya kijiji hiki kusimama, Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya Watanzania. Wengi waliziacha nyumba za asili yao, na mahali pengine zilibomolewa ili wenyewe wasirudi. Nyumba inatunzwa mjini kuwa urithi, ilhali dada yake huko shamba anaachwa gofu: katika beti za kabila moja, nyumba moja, hadithi hii haina mshororo.

Hata hivyo, hoja nzito zaidi imo katika udongo wenyewe. Makumbusho ya wazi ya jinsi hii yana asili yake Skansen, mjini Stockholm, yalikofunguliwa mwaka 1891. Artur Hazelius alikusanya huko nyumba za mashamba kutoka pande mbalimbali za Uswidi, wakati viwanda vilipokuwa vikibadili maisha ya wakulima. Nyingi katika nyumba hizo ni za magogo, na gogo huweza kutiwa alama, kufumuliwa, kusafirishwa na kupangwa tena. Mtoto wa Stockholm akiweka kiganja ukutani, hugusa mti uleule uliochongwa na mkulima wa zamani. Nyumba ya udongo na nyasi haisafiri. Kiambaza kikifumuliwa ni chungu ya udongo. Kinachosafiri ni fundi na ujuzi uliomo katika viganja vyake. Kwa hiyo kijiji cha Dar es Salaam kimeazima umbo la Skansen, lakini amana yake ni ya jinsi nyingine kabisa.

Wapenzi wa mashairi hawana haja ya kufafanuliwa tofauti hii. Uko utenzi uliohifadhiwa katika hati, na uko uliohifadhiwa kwa ghibu. Hati yaweza kukaa karne sandukuni, na mwenye sanduku asijue kuisoma hata neno. Utenzi wa ghibu upo pale tu anapopatikana wa kuusema na wa kuupokea. Nyumba ya udongo na makuti ni ya ghibu. Makuti huchoka, mchwa huzila nguzo, mvua hukila kiambaza. Nyumba ikiezekwa upya imesomwa upya. (Wala jiwe si dhamana. Wazanzibari waliliona jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, likiporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha.)

Hapo ndipo siku ya familia inapopimwa. Watoto huchungulia mlangoni, giza likawatisha, wakatoka. Baba hupiga picha. Lakini akiwamo bibi aliyelelewa Makunduchi au Micheweni, yeye hutia mkono ukutani na kuupapasa.

“Bibi, hii imejengwaje?”

“Kwanza nguzo huchimbiwa, mjukuu wangu. Kisha fito.”

Na hapo maneno hutoka yakifuatana: boriti, mwamba, kombamoyo, pau, kutomea, kukandika. Pengine hayajatamkwa katika nyumba yao ya matofali na bati kwa miaka mingi, kwa kuwa humo hayana kazi. Robo saa ile ndiyo makumbusho yenyewe. Asipokuwapo bibi, haipo. Ngoma za mchana zina uchangamfu wake na watazamaji huzipenda, lakini ngoma bado ina wachezaji wake maharusini. Aliye adimu ni mwezekaji.

Nyumba iliyoezuliwa, mbavu zake nje, kwa desturi huonekana kuwa aibu ya mwenyewe, na wageni huombwa radhi. Katika makumbusho ingepasa iwe kinyume: siku ya kuezua ndiyo itangazwe, na watoto ndio waalikwe. Huko Makunduchi, katika Mwaka Kogwa wa kila Julai, hujengwa kibanda cha makuti kisha kikatiwa moto, na mwaka wa pili kikajengwa kingine. Kibanda kile hakijawekwa akiba popote, wala hakijapotea.

Basi mtoto na akabidhiwe kuti na kamba, aoneshwe fundo lake, akosee, afungue, afunge tena, huku fundi akimtajia kila ufito kwa jina. Apewe na udongo akandike upande mmoja wa kiambaza, hata kama kesho yake itabidi fundi akirudie. Jioni, familia ikirejea kituoni na kondakta akiita Makumbusho, mtoto huyo atapanda gari na matope yaliyokauka viganjani.