Wageni Mashuhuri na Mahema ya Kanyaruchinya

Kanyaruchinya iko katika wilaya ya Nyiragongo, kaskazini ya mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru. Ardhi yake ni mawe meusi ya volkano. Kuchimba choo ni kazi ya kuvunja mwamba. Mwaka 2012 watu waliokimbia vita vya M23 walijenga vibanda hapo. Mwezi wa Novemba vita vikawafuata, nao wakakimbia tena kuelekea Mugunga. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, M23 walipoiteka Rutshuru, watu wakaja tena wakajenga pale pale. Basi msomaji atakaye kujua thamani ya misaada ya nchi za nje asianze na hotuba za Washington. Aanze hapa.

Hata hivyo hotuba zenyewe yatupasa kuzipima, maana zilisemwa kwa ajili ya watu hawa. Ben Affleck, mchezaji wa sinema wa Marekani, alitengeneza mwaka 2008 filamu fupi katika Kivu Kaskazini, kwa ajili ya shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi. Picha zapita juu ya wimbo wa Rolling Stones; waona nyuso na mahema, nawe wahurumia. Mwaka 2010 akaanzisha shirika lake, Eastern Congo Initiative. Tusimdharau mtu huyu. Hakuja kupigwa picha mara moja akaenda zake. Alirudi tena na tena, na shirika lake likavitegemeza vyama vya wenyeji. Tena aliposimama mbele ya kamati za bunge la Marekani, mwaka 2011, 2012 na 2014, hakuomba chakula tu. Aliomba pia mjumbe maalumu wa Marekani kwa nchi za Maziwa Makuu. Wangapi miongoni mwa mashuhuri wamejifunza hata kufika hapo?

Kasoro twaiona penginepo. Affleck ni mtu wa chama cha Democratic. Miongoni mwa waliomuunga mkono tangu mwanzo ni Cindy McCain, mkewe seneta John McCain wa chama cha Republican. Shabaha ilikuwa wazi: Kongo isiwe mali ya chama kimoja. Njia hiyo ilikwisha kupitwa na Bono, mwimbaji wa Ireland, ambaye mwaka 2002 alizunguka Ghana, Afrika Kusini, Uganda na Ethiopia pamoja na Paul O'Neill, waziri wa fedha wa serikali ya Republican. Nayo ilizaa matunda. Sheria ya Marekani ya mwaka 2006 juu ya msaada kwa Kongo ililetwa na seneta Barack Obama wa Democratic, ikatiwa sahihi na rais George W. Bush wa Republican.

Lakini huruma iliyo ya vyama vyote, siku ya mashaka itatetewa na nani? Tarehe 20 Januari 2025 rais Donald Trump, siku ile ile alipoapishwa, aliamuru misaada ya nchi za nje isimamishwe kwa siku 90 ichunguzwe. Tarehe 27 M23 waliingia Goma. Juma moja tu! Na mwaka uliotangulia Marekani ndiyo iliyotoa karibu asilimia 70 ya fedha za msaada wa dharura katika Kongo.

Mwezi wa Julai bunge lilipiga kura kufuta dola bilioni 9 hivi, sehemu kubwa zikiwa za misaada ya nje. Katika Seneti kura zilikuwa 51 kwa 48, na katika baraza la wawakilishi 216 kwa 213. Hakuna mtu wa Democratic aliyekubali; katika Republican wanne tu, wawili kila baraza, ndio waliokataa. Kumbe fedha za mpango wa kupigana na UKIMWI, milioni 400, ziliondolewa katika orodha ya kufutwa, kwa kuwa maseneta wa Republican wenyewe walizitetea. Mpango ule ulianzishwa na Bush mwaka 2003. Wana chama waliuona kuwa wao. Unga na turubai za Kanyaruchinya hazikuwa na baba katika chama chochote.

Twazoea kusema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Methali hii haikufaa London. Huko, mwezi wa Februari 2025, waziri mkuu Keir Starmer wa Labour alitangaza kupunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, apate fedha za jeshi. Nao Conservative hawakumpinga. Fahali walipatana, na nyasi zikaumia vile vile. Ni chama kile kile cha Labour kilichotawala mwaka 2005, wanamuziki walipoimba Hyde Park katika tamasha la Live 8.

Juu ya magunia na makopo ya mafuta ya USAID yaliandikwa kwa Kiingereza kwamba yatoka kwa watu wa Marekani. Maneno ya heshima, nasi hatuyacheki. Tarehe 1 Julai 2025 kazi ya ofisi ile ikakoma, na kura ya bunge ikafuata majuma mawili baadaye. Wakati huo mahema ya Kanyaruchinya yalikuwa yamekwisha kung'olewa tangu Februari.