Hati Zinapokanushana

Ufuatiliaji wa nasaba, yaani mfululizo wa wazazi na wana unaomfikisha mtu kwa mababu zake, huwa ufundi pale hati mbili zinapokanushana. Kabla ya hapo ni kazi ya kunakili, ambayo karani yeyote mwenye mwandiko mzuri anaiweza. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki mgongano huo huja mapema, kwa kuwa ukoo mmoja huweza kuwa umeandikwa kwa Kiarabu na kadhi, kwa Kijerumani au Kiingereza na karani wa serikali, kwa Kilatini na padri wa misheni, na kuhifadhiwa kichwani na bibi asiyeandika chochote lakini ajuaye khitma ya kila marehemu huangukia mwezi gani. Anayestahili sifa ni yule asiyekimbilia kuuliza ipi kati ya hizo ni ya kweli, bali huuliza kwanza kila moja iliwekwa kwa haja ya nani.

Migongano mingi ya tarehe si migongano hata kidogo. Mwaka wa Hijria hufuata mwandamo wa mwezi na una siku 354 au 355, hivyo mzee ambaye jamaa zake wanasema alifariki akiwa na miaka 66 atakuwa ameishi takriban miaka 64 kwa hesabu ya Miladi, na ile tofauti iliyomfanya mjukuu awashuku wakubwa wake inaondoka bila mtu yeyote kuwa amesema uongo. Jiwe la kaburi lenye mwaka 1320 linaweza kuafikiana na daftari la serikali linalosema 1902, na vilevile na lile linalosema 1903, kwa sababu mwaka huo ulianza Aprili 1902 ukaisha Machi 1903. Hata siku yenyewe ina mtego wake: kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kifo kilichotokea saa tatu ya usiku huo karani Mzungu alikiandika Alhamisi, wala hakukosea.

Fundi hodari huigeuza tofauti hiyo kuwa kipimo. Akipata hati ya ndoa iliyotaja siku ya juma pamoja na tarehe, huilinganisha na jedwali la kalenda mbili. Siku zikipishana kwa moja hashtuki, maana jedwali limepigwa kwa hesabu ilhali mji uliutafuta mwezi kwa macho, na mawingu ya masika hayasomi jedwali. Zikipishana kwa siku tatu au nne, huanza kumshuku mnakili, kwani katika tarakimu za Kiarabu 2 na 3 hutofautishwa na kijino kimoja tu, ambacho wino uliofifia huweza kukimeza pamoja na mwaka mzima wa ukoo.

Majina yana shida nyingine. Mtoto hupewa jina la babu yake, hivyo Ali bin Hamisi bin Ali huwa na Ali wawili ambao masimulizi ya baadaye huwaunganisha wakawa mmoja, aliyeishi miaka isiyowezekana na kuoa katika vizazi viwili. Hapa hati ya mirathi, inayogawa mali ya marehemu kwa warithi wake, ina uzito zaidi kuliko cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mtu akiwa tayari mtu mzima: mbele ya kadhi kila mrithi alikuwa na sababu ya kuwachunga wenzake wasiongeze ndugu wala kumwacha, ilhali umri kwenye cheti mara nyingi ulikisiwa tu, na ndiyo maana wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaonekana kuzaliwa tarehe mosi Januari.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika pale hati zinapotofautiana kuhusu kabila. Huko Zanzibar, ambako utumwa ulifutwa kisheria kwa amri ya Sultani ya mwaka 1897, sensa za 1924 na 1931 zinaonyesha kwamba waliojiita Waswahili walipungua sana katika miaka saba, wakati makundi mengine, Washirazi wakiwamo, yaliongezeka; watu hawakufa wala kuhama, bali jina lililonukia utumwa liliachwa. Mtu aliyeandikwa Myao katika karatasi za kuachiwa huru kutoka utumwani, na ambaye mwanawe ameandikwa Mshirazi, hana hati ya kweli na ya uongo. Ana hati mbili za kweli, moja ikisema alikotoka na nyingine alikotaka kufika, na mwandishi wa nasaba anayeifuta mojawapo ili kumpendeza mteja wake ameiba.

Kisa kinachoonyesha vyema ufundi huu ni cha ukoo wa kifalme wa Kilwa. Tarikh ya Kiarabu ya mji huo, ambayo nakala yake imehifadhiwa London, inasema baba na wanawe sita waliondoka Shirazi kwa majahazi saba. João de Barros, Mreno aliyechapa masimulizi yake mwaka 1552, anasimulia kuondoka kwa mwana mmoja tu, Ali, aliyedharauliwa na nduguze kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Orodha zao za watawala wa mwanzo hazilingani, na mwanaakiolojia Neville Chittick alikadiria kwamba Ali huyo, yaani Ali bin al-Hasan, alitawala karibu na mwaka 1200. Mnamo 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na ndogo mno, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Mtawala huyo akarudishwa nyuma zaidi ya karne moja, kwa ushahidi wa kitu ambacho hakikutengenezwa ili kusimulia ukoo wa mtu. Hata hivyo sarafu ilitoa jina na zama tu. Kuhusu mama yake haikusema neno, na watafiti makini hawakuisemea.

Msomaji aliyerithi vyeti viwili visivyopatana asichane hata kimoja. Avihifadhi vyote, na nyuma ya nakala, kamwe si nyuma ya hati yenyewe, aandike kwa penseli nani alimpa, lini, na mtoaji alisema nini kuhusu tofauti iliyopo, kisha aende kwa wazee wa ukoo wakiwa bado wana nguvu za kuulizwa.