Majina ya Matumaini: Jembe, Ardhi na Maisha Mema katika Riwaya Tatu za Kiswahili

1. Utangulizi

Riwaya ya Kiswahili ilianza kuizungumzia ardhi zamani, kabla neno mazingira halijaenea katika shule, redio na mikutano ya hadhara. Wahusika wake hulima, huhama, hunyang'anywa mashamba, hukimbilia mjini na kurudi kijijini. Hata hivyo, uhakiki umezoea kuzisoma riwaya hizo kwa upande wa siasa, maadili, ndoa na mgongano wa mila na usasa. Ardhi yenyewe imeachwa nyuma kama pazia la jukwaa. Makala haya yanakusudia kuileta mbele. Yanachunguza riwaya tatu: Utubora Mkulima ya Shaaban Robert (1968), Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi (1975) na Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: mtu anayetaka kuishi kwa kiasi, kuitunza ardhi na kutumaini dunia iliyo bora, je, anaweza kufanya hivyo peke yake? Na ikiwa anahitaji wenzake, ni nini kitakachowakutanisha: hiari au amri?

Njia inayofuatwa ni ya majina. Waandishi hawa watatu hawakutoa majina kwa kubahatisha. Kila jina limebeba hoja, na hoja hiyo huonekana wazi zaidi likichambuliwa kwa sarufi.

2. Utubora: dhana iliyopewa mikono

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utubora Mkulima ilitoka miaka sita baadaye. Shujaa wake anaacha kazi ya ofisini yenye mshahara, anakwenda Busutamu kuishi kwa jembe. Hakufukuzwa, amechagua mwenyewe. Uchaguzi huo ndio kiini cha riwaya: mtu anaweza kuwa na vitu vichache kwa hiari yake na asiwe fukara.

Neno utu limo katika ngeli ya majina ya dhana. Kwa kawaida husemwa kuwa utu bora unasifiwa, unatafutwa, unapotea. Lakini mara dhana hiyo inapokuwa jina la mtu, upatanisho hubadilika: Utubora analima, Utubora anavuna. Wema umehamishwa kutoka ngeli ya mambo yanayowazwa ukaingizwa katika ngeli ya wanaotenda. Neno la pili la anwani linakamilisha kazi hiyo. Mkulima ni jina la kazi ambayo shule ya kikoloni ilimfundisha kijana kuikimbia, kwa kuwa elimu ilihesabiwa kuwa njia ya kutoka kwenye jembe na kufika kwenye kalamu. Mwandishi mwenyewe aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 akiwa karani. Mtu aliyeishi kwa kalamu ya ofisi ndiye anayemsifu mtu aliyeiweka kalamu chini.

Ni rahisi kumwita Utubora mtoro aliyeukwepa ugomvi wa dunia, lakini hukumu hiyo inamwonea. Kukataa kupima heshima ya mtu kwa mshahara wake ni tendo lenye uzito katika jamii iliyopangwa kwa mshahara. Udhaifu wa riwaya uko mahali pengine. Msomaji anaujua moyo wa mkulima vizuri kuliko anavyolijua shamba lake. Uchovu wa udongo, bei ya mazao na maagizo ya bwana shamba havishughulikiwi sana. Na jina Busutamu, lililoundwa kwa busu na tamu, linaashiria mahali pa faraja zaidi kuliko mahali pa kulipia kodi. Ilhali katika Tanganyika ya wakati wa mwandishi jembe halikuwa jambo la hiari tupu. Mwaka 1955 watu wa milima ya Uluguru waliasi amri ya kulima kwa matuta, mpango ambao serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa ni wa kuokoa udongo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Waliouhimiza mpango hawakuwa wamewashawishi wenye udongo. Utubora angeishi Uluguru, wema wake ungekutana na askari.

3. Tumaini: nomino ya umoja

Kati ya mwaka ilipochapishwa riwaya ya kwanza na mwaka ilipochapishwa ya pili, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa tayari limebadili maana ya shamba nchini Tanzania. Azimio lilitaja ardhi kuwa moja ya mambo manne yanayohitajika ili watu waendelee, pamoja na watu wenyewe, siasa safi na uongozi bora. Hapo ndipo Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, anapomweka mhusika wake aitwaye Tumaini.

Tumaini hafanani na Utubora. Ujana wake unapotea katika starehe. Baadaye anageuka kuwa mkulima mkubwa, na kwa mara ya kwanza maisha yake yanapata umbo. Siasa ya ujamaa inapolifikia shamba lake, anamwua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kunyongwa. Wahakiki wengi wamelisoma tukio hilo kama hukumu ya mwandishi juu ya ubepari, au juu ya ujamaa, au juu ya upuuzi wa maisha kwa jumla. Masomo hayo yote yana haki yake. Lakini jina linadokeza jambo jingine.

Katika matumizi ya kawaida Waswahili hupenda kulitamka neno hili kwa wingi: kuna matumaini, amekata matumaini, tuna matumaini. Umoja wake, tumaini, hutumika kwa nadra zaidi, hasa katika maandishi ya dini na ya fasihi. Mhusika wa Kezilahabi amepewa umoja huo, na anauishi. Shamba lake ni lake. Wanaolima humo ni vibarua, si washiriki. Dola inapokuja, hana jirani wa kusimama naye, kwa sababu hakuwahi kulima pamoja na mtu. Hivyo tumaini la mtu mmoja linakutana na wingi uliopangwa na serikali, na hakuna kati ya pande mbili hizo aliyeiuliza ardhi inahitaji nini. Msimamo wa Kezilahabi unakuwa wazi zaidi katika Gamba la Nyoka (1979), ambamo vijiji vya ujamaa vinaonyeshwa pamoja na nguvu iliyotumika kuvijaza watu.

Ukali wa riwaya hii ni dawa kwa msomaji aliyelewa utamu wa Busutamu. Upungufu wake ni kwamba inafunga mlango. Inaonyesha vizuri kwa nini wingi wa amri unaua, na kwa nini umoja wa mali unakufa. Haionyeshi kama kuna namna ya tatu ya kuishika ardhi.

4. Walenisi: sentensi iliyogeuzwa jina la nchi

Namna hiyo ya tatu ndiyo anayoitafuta Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 na kufariki mwaka 2004. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa katika chombo cha angani ili afie huko, naye anafika katika sayari ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa.

Riwaya ya safari kama hii ina mababu katika Kiswahili. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ilikwisha kuwatuma wajumbe sita pande sita kutafuta mema ya nchi nyingine, na nchi yenyewe ikawekwa hewani. Kusadikika ni kitenzi cha kauli ya kutendeka: jambo linaloweza kusadikiwa. Jina hilo linaomba imani tu. Halisemi ni nani atakayesadiki, wala nani atakayetenda. Walenisi ni jina la aina nyingine kabisa. Ni sentensi kamili: wale ni sisi. Kionyeshi cha mbali, wale, kimefungwa na nafsi ya kwanza wingi, sisi, kwa kitenzi kishirikishi kisicho na wakati. Sentensi haisemi kuwa wale walikuwa sisi, wala kwamba watakuwa sisi siku moja. Umbali wote wa angani uliomo katika hadithi unafutwa na jina la mahali inakoelekea. Anayesoma jina hilo kwa sauti amekwisha kukiri kuwa maisha hayo yanamhusu.

Huu ndio ushindi wa Mkangi: utopia yake imewekwa katika wingi, na wingi huo si wa kuhesabiwa na karani wa serikali, bali wa wanaojitaja wenyewe. Lakini kama sanaa, riwaya inalipa gharama. Mahali penye usawa uliokamilika hapana ugomvi mwingi wa kusimulia, na maelezo hushika nafasi ya matukio. Mgeni anauliza, mwenyeji anafafanua. Msomaji anaonyeshwa wanaoishi vizuri, haonyeshwi vya kutosha jinsi ya kuanza Jumatatu asubuhi, katika mtaa wenye maji ya shida na takataka zisizozolewa.

5. Jembe la amri na mbabula ya nyumbani

Kwa msomaji wa Kongo hoja hizi si za mbali. Hapa jembe lina kumbukumbu yake. Mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji uliweka mazao ya lazima, na mkulima akadaiwa siku 60 kwa mwaka kwa kazi ya pamba au zao jingine aliloamriwa. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulileta salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha na kulima, ambayo asiyeifanya aliadhibiwa. Kazi zenyewe zilikuwa na faida iliyo dhahiri: mfereji uliozibuliwa hupitisha maji, yeyote aliyetoa amri. Lakini wingi uliokusanywa kwa hofu hutawanyika hofu inapoondoka, na ufagio huachwa mahali ulipoangukia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi anaposoma sifa za kazi ya mikono katika Utubora Mkulima, masikio yake husikia pia filimbi ya msimamizi. Usomaji wa namna hiyo ni halali, na unaifunua riwaya upande ambao wahakiki wa pwani hawakuwa na sababu ya kuutazama.

Lugha nayo ina neno la kuongeza. Mazingira linatokana na kitenzi kuzingira: ni yale yanayomzunguka mtu. Mtu amewekwa katikati, na miti, maji na hewa vimepangwa pembeni kama ua. Neno la kale, nchi, halikufanya hivyo. Lilikusanya pamoja ardhi, dola na watu wake, na ndiyo maana istilahi mpya ya tabianchi imelikimbilia. Mama wa Lubumbashi hasemi habari za mazingira anapopika. Husema makala imepanda bei. Katika Kiswahili sanifu makala ni maandishi ya jarida. Huku Katanga ni mkaa unaowaka katika mbabula. Bei ikipanda, maana yake moja ni kwamba pori la miombo limerudi nyuma hatua nyingine kutoka mjini, na pamoja nalo uyoga, viwavi na asali. Sehemu kubwa ya miti ya miombo ikikatwa huchipua tena kutoka kisikini, mradi moto na shoka visiifuate mapema. Hivyo kuna ujuzi wa kufundisha: kisiki kipi kiachwe, moto uwashwe lini, mbabula ifunikwe vipi ili makala isiteketee bure. Ujuzi huo hauhitaji sayari nyingine, ila unahitaji makubaliano ya wengi, kwa kuwa mtu mmoja akikiacha kisiki, mwingine atakikata.

Mfano wa makubaliano ya aina hiyo umetokea katika nchi ya Mkangi mwenyewe. Harakati aliyoianzisha Wangari Maathai mwaka 1977 iliwakusanya wanawake wa vijijini waotesha miche, na malipo madogo yalitolewa kwa mche ulioshika, si kwa mche uliochimbiwa shimo tu. Tendo lilikuwa la kila siku, la ndoo na kopo, ndani ya uwezo wa Utubora. Lakini mwaka 1989 harakati hiyohiyo ilisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kuumeza uwanja wa Uhuru Park mjini Nairobi, na jengo halikujengwa. Hapo jembe na sauti ya hadharani vilikuwa mkononi mwa watu walewale. Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004 ilitambua uhusiano huo kati ya mti na haki.

6. Hitimisho

Riwaya tatu zilizochunguzwa zinaweza kusomwa kama hatua tatu za sarufi moja. Shaaban Robert aliitoa dhana ya wema katika ngeli yake akaipa mikono ya mtu. Kezilahabi alionyesha kuwa mtu huyo, akibaki katika umoja, atavunjwa na wingi wa amri. Mkangi alitafuta wingi wa hiari, akaupata katika jina zaidi kuliko katika matukio. Hakuna kati yao anayetosha peke yake, na mhadhiri anayemfundisha mmoja bila wengine humpa mwanafunzi theluthi ya hoja.

Inafaa kwa hiyo zisomwe pamoja katika kozi za fasihi ya Kiswahili nchini Kongo, na tasnifu za wanafunzi zisiishie katika kuorodhesha dhamira ya utunzaji wa mazingira. Kila panapotajwa shamba, mti au usafi katika kazi ya fasihi, yafaa yaulizwe maswali matatu: nani ameshika jembe, kwa amri ya nani, na mavuno yanakwenda wapi. Maswali hayo hayapunguzi matumaini ya waandishi hawa. Yanayaondoa hewani na kuyaweka udongoni, mahali ambapo yanaweza kupaliliwa.