"Kothbiro", Kibera na Sauti za Wabaski: Wimbo Unaposikika na Maneno Yakaachwa

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki, suala la wimbo unaovuka mipaka ya lugha yake limejadiliwa zaidi kwa upande wa tafsiri. Wahakiki wamejiuliza ni kitu gani kilichopotea wakati utenzi wa Okot p'Bitek juu ya Lawino ulipotoka katika Kiacholi na kuingia katika Kiingereza mwaka 1966, na Okot mwenyewe, aliyekuwa mtunzi na mfasiri kwa wakati mmoja, aliikiri hasara hiyo. Zipo, hata hivyo, nyimbo ambazo hazikutafsiriwa na mtu yeyote na bado zimevuka. Husikilizwa, hupendwa na hununuliwa, ilhali maneno yake yamebaki nyuma kama mzigo uliosahauliwa kituoni.

Makala haya yanaichunguza hali hiyo kwa kuutumia "Kothbiro", wimbo wa Kijaluo unaofahamika zaidi kwa sauti ya Ayub Ogada, na kuulinganisha na nyimbo za Wabaski wa kaskazini mwa Hispania katika miaka ya 1960 na 1970. Ulinganisho huu huenda ukaonekana kuwa wa mbali mno. Lakini filamu iitwayo The Constant Gardener (2005), ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera, iliutumia wimbo wa Ogada, na mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, Alberto Iglesias, ni mzaliwa wa Donostia, mji wa Wabaski ambao Wahispania huuita San Sebastián. Katika mji huohuo alizaliwa, mwaka 1934, Mikel Laboa, mwimbaji ambaye kazi yake ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa hoja itakayotetewa hapa.

Yafaa kwanza kuifuata njia ya wimbo wenyewe. "Kothbiro" haukuanzia kwenye nyatiti, kama wengi wanavyodhani. Ulisikika katika albamu ya mwaka 1976 ya Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi waliopiga roki na funki kwa magitaa ya umeme na kuimba zaidi kwa Kiingereza. Ogada, ambaye wakati huo alijulikana kwa jina la Job Seda, alikuwa mmoja wa vijana hao, na haki ya utunzi inamtaja pamoja na James Mbarack Achieng. Wimbo huo wa Kijaluo uliwekwa katikati ya nyimbo za Kiingereza, kama mgeni kwenye karamu ya watoto wake mwenyewe. Ogada akapitia African Heritage Band, akaenda Uingereza mwaka 1986, na mwaka 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo kupitia Real World. Humo "Kothbiro" umevuliwa mavazi yote ya bendi, ukabaki na sauti na nyuzi za nyatiti.

Jambo hili lina kinaya chake. Real World ilianzishwa mwaka 1989 na Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis hadi 1975, nayo Genesis ilikuwa miongoni mwa bendi zilizoiasisi ile roki ndefu yenye sehemu nyingi iitwayo progresivu. Mtindo huohuo wa Kiingereza ndio uliowavutia vijana wa Kibaski wa wakati ule. Itoiz walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1978, na mwaka 1980 wakatoa Ezekiel, inayosimulia kisa kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Errobi, walioutwaa mto wa upande wa Ufaransa kuwa jina lao, walikuwa miongoni mwa vijana hao. Haizea, pamoja na sauti ya Amaia Zubiria, walitoa Hontz gaua mwaka 1979. Hawa wote walipokea wimbo wa sauti na gitaa kutoka kwa watangulizi wao na kuupeleka kwenye umeme. Ogada alitembea kinyume chao: alitoka kwenye umeme akarudi kwenye nyatiti. Yamkini hakuwa na budi. Sikio la Ulaya lililokuwa tayari kununua gitaa la umeme kutoka kwa Mbaski halikuwa na haja ya gitaa hilo kutoka kwa Mjaluo, kwani kwake lilidai "asili". Nyatiti ya 1993 ni nzuri kupita bendi ya 1976, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, uzuri wake usimzuie mhakiki kuuliza ni nani aliyekuwa akiuchagua.

Kuhusu Wabaski, jambo la msingi ni kwamba kwao lugha ilitangulia muziki. Chini ya utawala wa Franco, aliyefariki Novemba 1975, Kibaski kilikandamizwa shuleni na hadharani. Mwaka 1966 wasanii kadhaa, wakiwamo Laboa, Benito Lertxundi, Xabier Lete na Lourdes Iriondo, waliunda kikundi cha Ez Dok Amairu, jina lililotwaliwa kutoka ngano ya kimapokeo na kumaanisha kwamba kumi na tatu haipo, yaani nuksi imeondolewa. Mwaka 1968 chuo cha lugha hiyo kilikutana Arantzazu kuweka misingi ya Kibaski sanifu. Mwaka huohuo, Oktoba, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe na fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo. Pande hizo mbili hazikujuana, ila zilikuwa zikiulizana swali moja. Bendi za Kihispania kama Triana, waliotoa El Patio mwaka 1975 na kuchanganya flamenko na roki, hazikulikabili swali hilo kwa namna ileile. Triana waliimba kwa lugha ya dola. Walikuwa na mapokeo ya kuyafufua, hawakuwa na lugha ya kuiokoa.

Sasa yupo mtu atakayesema: muziki ni muziki, na asiyejua Kibaski au Kijaluo huguswa vilevile. Hoja hii si ya kubezwa, na shahidi wake mkubwa ni Laboa mwenyewe. Katika zile kazi zake zinazoitwa Lekeitioak, Laboa aliyavunja maneno yakawa silabi, vilio, miguno na vipande vya lugha visivyo na maana ya kamusi. Katika "Baga, biga, higa" alitumia maneno ya kimapokeo ya kuhesabu ambayo hata Mbaski hawezi kuyaeleza yote. Ikiwa mwimbaji aliyeipenda lugha yake kiasi hicho aliweza kuitupa maana, kwa nini msikilizaji wa "Kothbiro" alaumiwe kwa kutoijali?

Jibu limo katika swali la nani anayetupa. Laboa aliiondoa maana mbele ya hadhira iliyokuwa nayo. Mbaski aliyemsikiliza alijua neno lilipoishia na kelele ilipoanzia, na mstuko wa kisanaa ulikuwa katika mpaka huo. Asiyejua lugha hauoni mpaka wowote, kwani kwake shairi la Joxean Artze na mguno wa Laboa ni sauti mbili zinazolingana. Kwa maneno mengine, ukimya wa maana katika Lekeitioak ni fani, na ukimya wa maana katika "Kothbiro" unaofikia ukumbi wa sinema wa London ni upungufu wa msikilizaji. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja ni kosa la kihakiki.

Upungufu huo unaficha nini? Matini ya "Kothbiro" ni fupi. Mtu anaitwa na kuulizwa kama anasikia, anaambiwa mvua inakuja, kisha watoto wanaulizwa wanafanya nini na kuamriwa wawarudishe ng'ombe nyumbani. Huu ni mwito, wala si masimulizi, na nguvu yake imo katika kitenzi. Biro ni "inakuja". Mvua haijanyesha. Wimbo mzima unaishi katika ule muda mfupi kati ya wingu na tone la kwanza, na marudio yake, ambayo msikilizaji wa mbali huyapokea kama bembelezo, ni sauti ya mtu anayeita mara ya pili na ya tatu kwa sababu hajajibiwa. Utulivu wa nyatiti unavutana na haraka ya maneno. Mvutano huo ndio moyo wa kazi hii, na anayesikia nyatiti peke yake husikia utulivu tu.

Filamu ilipouchukua wimbo huu ilizalisha hali ya ajabu ambayo wahakiki wa sinema hawakuijali vya kutosha. Gatwekera na Kisumu Ndogo, vijiji vya Kibera, vina wakazi wengi wanaozungumza Kijaluo. Katika filamu watu wa Kibera ni wa kutazamwa: wapo nyuma ya wahusika wa Kiingereza, wakipita, wakicheka, wakiugua. Lakini wengi miongoni mwa hao wanaotazamwa waliweza kuelewa kinachoimbwa, na wengi miongoni mwa watazamaji hawakuweza. Maarifa yalikuwa upande wa pili wa kioo.

Zaidi ya hayo, wimbo unapofika Kibera unabadilika maana bila kubadilika neno. Mvua ya mchungaji wa Nyanza ni baraka inayotaka maandalizi. Mvua ya Silanga au Lindi, mabondeni karibu na bwawa la Nairobi, ni mabati yanayovuma usiku kucha, mfereji unaofurika na maji machafu yanayoingia chini ya mlango. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaondoa watu wengi wa kando ya mito ya Nairobi, na waliobaki walikuta serikali ikibomoa nyumba zilizo karibu mno na maji. Itoiz wana wimbo wa mapenzi uitwao "Lau teilatu", yaani paa nne, na paa huko ni kivuli cha wapendanao. Kibera paa ni chombo cha kupigia habari ya mvua kabla mtu hajatoka nje.

Neno linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni lile la "nyumbani". Kijaluo hutofautisha ot, nyumba ya kuishi, na dala, boma lenye mizizi ya ukoo. Wakenya wote walijifunza tofauti hiyo katika kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga mwaka 1987 baada ya mahakama kukataa kwamba makao yake ya jijini yalitosha kuwa kwao. Chumba cha mabati Gatwekera ni ot. Ng'ombe wa wimbo wanarudishwa dala. Kwa hiyo mkazi wa Kibera anayeelewa amri ile anaambiwa arudi mahali ambapo hayupo, kabla ya mvua ambayo itamkuta alipo. Hakuna sauti nzuri ya nyatiti inayoweza kulibeba jambo hili kwa asiyejua lugha.

Kawangware inatoa jaribio la upande mwingine. Huko, kuanzia Gatina hadi Congo, lugha za majirani ni hasa Kikuyu na za Waluhya. Mkikuyu huiita mvua mbura, Mbukusu huiita efula, na Mswahili anayatambua maneno hayo kuwa ndugu zake. Koth haina undugu nayo. Mtu wa Kawangware anayeusikia wimbo huu ndani ya matatu ya 46 anausikia, kwa upande wa lugha, kama mtu wa Donostia. Mpaka wa ugeni basi haupiti kati ya Afrika na Ulaya, umepita ndani ya Nairobi. Ila mtu wa Kawangware ana kitu ambacho mtu wa Donostia hana: kwenye kiti cha pili yupo mtu wa kumwuliza. Kazi ya uhakiki wa nyimbo ni kukaa kwenye kiti hicho, na ni kazi ambayo idara zetu zimeifanya kwa unyonge, zikiwaachia waandishi wa maelezo ya nyuma ya jalada.

Mwaka 2018 Kanye West alikata kipande cha "Kothbiro" ya Black Savage na kukiingiza katika "Yikes". Majina ya watunzi yalitajwa, na hilo ni haki. Maneno yakawa kitambaa cha nyuma kwa mara nyingine, safari hii katika wimbo usiohusiana nayo hata kidogo. Ogada alifariki Februari 2019, akiwa amerudi Nyanza.

Kibera nayo ina lugha yake ndogo ambayo haijapata mvumbuzi. Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles waliowekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, ndio walioupa mtaa jina la Kibra, yaani msitu, na mwaka 2017 walipata hati ya ekari 288 za ardhi hiyo. Wanawake wao huimba doluka kwa ngoma katika harusi, kwa Kinubi chenye asili ya Kiarabu, huko Makina. Kamera za 2005 zilipita karibu. Nyimbo hizo zina wito wake, vijembe vyake na mafumbo yake, na wanaoyaelewa wapo, wengine wakiwa wazee. Mwanafunzi atakayezirekodi aanze na maneno, ayaandike yote pamoja na yale yanayorudiwa, amwulize mwimbaji ni nani anayeitwa, kisha ndipo aguse ngoma.