Pongezi kwa Kwaya ya Anúna

Michael McGlynn alianzisha kwaya ya Anúna mjini Dublin mwaka 1987. Dunia iliijua mwaka 1994, ilipoimba katika onyesho la kwanza la dansi ya Riverdance kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision, lakini si hilo ninaloipongezea, bali jinsi inavyoimba nyimbo za jadi za Ireland.

Uimbaji wa jadi wa Ireland, hasa wa Kigaeli, kwa asili ni wa mtu mmoja, bila ala. Mwimbaji huunakshi wimbo apendavyo, na ubeti wa pili haufanani kabisa na wa kwanza. Ukiugawa wimbo wa namna hiyo kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, nakshi zake hufutika upesi. McGlynn anajua hatari hiyo. Mara nyingi huacha sauti moja iende huru juu, huku nyingine zikivuta noti ndefu chini yake. Huo ni ustadi mkubwa na, kwangu mimi, ni heshima kwa wazee waliozitunza nyimbo hizo.

Nao waimbaji huimba bila karatasi mkononi, wakipita katikati ya wasikilizaji. Kigaeli, ambacho Waireland wengi hawakizungumzi nyumbani, wamekifikisha hadi majukwaa ya Japani.